Gamba Lililoegemea Kushoto

Juzi nilikaa meza ya nyuma kabisa kwenye harusi ya binamu yangu, nikashindwa kula. Mbele jukwaani walikuwa wameweka vile viti vya maharusi vya kukodisha, vya rangi ya dhahabu, vyenye miguu iliyopinda na mgongo mrefu unaopita kichwa cha bwana harusi. Mnavijua. Wengi wenu wa rika langu mliolewa mkiwa mmevikalia. Juu ya kila kiti palichongwa gamba la kombe, nalo lilisimama wima katikati, kulia sawasawa na kushoto. Walikuwa wamevipiga vanishi upya siku si nyingi na harufu ilinifikia hadi nilipokuwa. Mwanamke aliyekaa kando yangu akasema viti ni vizuri, vya kifalme hasa. Nikamwambia ni vibaya, na kwamba aliyevichonga hajui anachokiiga. Akahamia meza nyingine, na simlaumu.

Vanishi ndiyo iliyokuwa harufu ya baba. Kwao Ukambani alikuwa mchongaji wa twiga na vifaru vya kuuzia watalii, kazi aliyofundishwa na babake. Mama alikuwa muuguzi, akapata kazi Doha. Karatasi za mama zilimruhusu kuleta mtoto, mume hazikumruhusu, ikabidi baba atafute zake mwenyewe. Alizipata kwenye karakana ya samani huko Sanaiya, mtaa wa viwanda, ambako walitengeneza viti vya Kizungu vya kale kwa ajili ya majlisi, vile vyumba vya kupokelea wageni ambavyo hakuna nyumba kubwa ya Doha isiyo navyo. Tukaishi watatu katika fleti ya kazi ya mama, Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la sambusa na chai ya maziwa. Lakini kwenye karatasi mama na mimi tulikuwa wa hospitali, na baba alikuwa wa kafili wake, mwenye karakana aliyemdhamini kuingia nchini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Jambo hilo niliambiwa, ila sikulielewa. Nilidhani watu wakiwa na kitanda kimoja na sufuria moja, basi ni familia, na hakuna karatasi inayoweza kuwagawanya.

Ijumaa ilikuwa siku yetu. Tukishatoka kanisani, maana kule ibada ilikuwa Ijumaa kama mapumziko yote, baba alitandaza karatasi ya kaki kwenye meza ya jikoni na kuikunja katikati. Kila ua, kila jani, kila taji la kiti alilichora nusu tu, kwa penseli laini. Kisha alikunja karatasi ile, nusu iliyochorwa ikalalia nusu tupu, na hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Nilichukua kijiko cha chai nikasugua mgongo wa karatasi, polepole, nikisukuma kwa kidole gumba, mpaka penseli ihamie upande wa pili. Tukiikunjua, ua lilikuwa zima. Kila mara nilishangaa. Karatasi hiyo ndiyo aliyoibandika juu ya ubao siku ya pili na kuichonga kwa patasi.

“Twiga mwenye sikio moja kubwa kuliko lingine harudi na mzungu kwao,” alikuwa akiniambia. “Anabaki kwenye rafu mpaka mchwa wamle. Sawazisha, Mwaitu.”

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mamake, Syombua, na mwanamume hawezi kumwita mamake jina kavu. Niliipenda kazi ile ya kijiko kuliko kitu chochote Doha. Mama alikuwa na sare nyeupe, saa ya kubandika kifuani na Kiingereza cha hospitali. Baba alikuwa na mimi.

Msimamizi wa karakana alikuwa Mmisri mmoja mnene mwenye huruma, Usta Farid, aliyejua viti kwa kuvipapasa tu. Yeye na baba walizungumza lugha yao wenyewe, Kiarabu cha vibarua kilichochanganywa na Kiingereza na mikono. Kabla ya kwenda likizo kwao alimpa baba kazi kubwa ya kwanza ya peke yake: viti kumi na viwili vya majlisi ya wanawake, nyumba mpya ya Al Wukair, binti wa nyumba anaolewa. Baba aliyarudia maneno yake jikoni, akimwigiza mpaka tumbo.

“Baroko, nzito. Rokoko, nyepesi. Hii Rokoko. Khalas!”

Basi hayo ndiyo mafunzo yote aliyopewa. Pamoja nayo alipewa fotokopi ya ukurasa wa kitabu, ambao bibi mwenye nyumba aliuleta mwenyewe. Ijumaa iliyofuata aliitoa fotokopi mfukoni, akainyoosha kwa kiganja, akanisogezea.

“Hebu soma, Mwaitu. Kiingereza hiki ni cha juu, kimenishinda. Nataka nijue wanasema nini kabla sijagusa ubao.”

Ilikuwa na picha mbili kando kwa kando. Kushoto kiti kipana, cheusi, kimekaa kama askofu, na taji lake lilikuwa sawa pande zote. Kulia kiti chembamba chenye miguu ya mbuzi, na juu yake gamba la kombe lililoegemea kushoto. Upande mmoja wa gamba jani refu lilipanda likajipinda. Upande wa pili jani fupi lilijikunja chini yake kama limeona haya. Chini ya kila picha palikuwa na maelezo.

Ya kwanza niliyasoma bila kukwama na kuyafasiri kwa sauti ya mwalimu. Baroko ilikuwa sanaa ya kanisa na ya mfalme. Ilitaka mtu akiingia ashike kofia mkononi na ajione mdogo: nguzo nzito, dhahabu nyingi, picha zenye giza totoro na mwanga mmoja mkali unaompiga mtakatifu usoni. Baba aliitikia kwa kichwa, akanielewa vizuri kabisa. Nikaingia kwenye ya pili. Rokoko ilikuja baadaye, mfalme mkubwa alipokufa na wakubwa wake wakarudi kuishi mjini, kwenye nyumba zao. Ilipenda vyumba vidogo, mazungumzo, rangi za waridi na samawati, magamba, majani, mistari inayojipinda. Ilipenda wepesi.

Hapo ikaja sentensi moja ndefu, mistari mitatu, koma juu ya koma, na maneno ambayo sikuwahi kuyaona. Niliisoma kimya mara mbili. Sikupata kitu. Mama alikuwa nyuma yangu anakanda unga wa chapati, na baba alikuwa ananitazama kwa fahari ile ya mzazi aliyelipia shule na sasa anaona matunda. Nikainua uso.

“Ndiyo yote?” akauliza baba.

“Ndiyo yote.”

Nimewahi kuwasimulia watu dhambi kubwa kuliko hiyo bila kuona aibu. Hiyo ndiyo inayonichoma.

Baba aliivuta fotokopi karibu. “Na hili gamba limelala. Hawajasema kwa nini limelala?”

“Kiti ni cha zamani sana, Baba. Kimevunjika upande mmoja.”

Sikudanganya katika hilo, niliamini hivyo. Kwangu kitu kizuri kilikuwa ni kile kinacholingana, na kisicholingana kilikuwa kimeharibika. Hivyo ndivyo alivyonifundisha yeye. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu: gamba lililolala haliwezi kukunjwa. Lingehitaji kuchorwa lote kwa mkono wake, upande huu na upande ule, na mimi na kijiko changu tungekaa kando kutazama.

Aliiweka ncha ya kidole juu ya lile jani refu, akalifuata taratibu tangu shinani hadi juu, kisha akarudia. “Aliyechonga hapa hakuteleza,” akasema. “Hakuna palipovunjika. Tazama hili jani, linajua linakokwenda.”

“Baba Syombua,” mama akasema bila kugeuka, “tunalipa karo ya nini? Mtoto amekusomea kitabu. Wewe unabishana na kitabu?”

Alikuwa amechoka na hakuwa na nia mbaya. Lakini kila mtu katika fleti ile alijua nani amesoma na nani hakusoma. Baba alitabasamu. Kisha akachukua karatasi ya kaki, akaikunja katikati.

“Haya, Mwaitu. Leta kijiko.”

Gamba lilitoka wima. Jani kulia, jani kushoto, sawasawa. Nililiona zuri kushinda la kwenye picha, nikamwambia hivyo, naye akacheka.

Alivichonga viti vile wiki moja na nusu, wengine wakavipaka dhahabu na kuvivalisha kitambaa cha waridi. Usta Farid alikuwa bado kwao. Hakukuwa na mtu wa kumwambia baba kwamba alichokifanya, kwa uangalifu wote ule, ni kuichukua Rokoko na kuirudisha kanisani.

Siku ya kuvipeleka Al Wukair alinichukua. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, sikuwa na shule, naye alitaka nione kazi yetu ikikaliwa. Alisema hivyo hasa, kazi yetu. Nilivaa gauni la kanisani. Al Wukair siku hizo ilikuwa kuta mpya na mchanga, na katikati ya mchanga nyumba zinazong’aa mpaka unafumba macho. Wabebaji waliingiza viti wakati wanawake wamejitenga, wakavipanga, wakatoka. Kisha mlango ukafungwa. Majlisi ya wanawake haiingii mwanamume wa nje, kwa hiyo baba, aliyevichonga, alibaki uani kwenye jua na kofia yake mkononi. Mtumishi wa ndani akatoka akaniita mimi. Bibi anataka kuvikagua, na yuko mtoto anayejua Kiingereza, basi mtoto atapeleka maneno.

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya udi. Umm Salim, bibi mwenye nyumba, alikuwa mrefu na sauti yake ilikuwa ya chini. Alizunguka kiti kimoja. Akaenda cha pili. Mkononi alikuwa na ukurasa wenyewe, wa rangi, si fotokopi, na kwenye rangi niliona waziwazi kwamba hakuna palipovunjika. Gamba lilikuwa zima, dhahabu yake haikukatika popote.

“Nani amelinyoosha gamba?” akaniuliza.

Nilirudi hatua moja kuelekea mlangoni.

“Mimi nimeomba hii,” akasema, akigonga picha ya kulia. “Hii inacheza. Upande mmoja unasema, upande mwingine unajibu. Ndiyo maana ni ya wanawake kukaa na kuongea. Hivi vyenu vyote vimesimama, kama vya hakimu. Binti yangu anaolewa wiki ijayo, haendi kortini.”

Bibi harusi, msichana mwembamba aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, alicheka. Mamake hakucheka, alikuwa na machozi karibu. Kwa mara ya kwanza nilielewa ile mistari mitatu ilikuwa inasema nini, bila kuhitaji kuisoma.

“Nenda umuulize fundi wenu,” akasema, “kwa nini amebadilisha.”

Kutoka mlango ule hadi aliposimama baba zilikuwa hatua labda ishirini. Nimezitembea tena mara nyingi. Baba aliponiona alinyanyua nyusi, bado akitarajia pongezi.

“Anasemaje, Mwaitu?”

“Anasema si hivyo. Anasema gamba lilitakiwa lilale. Anauliza kwa nini umebadilisha.”

Alinitazama. Angeweza kusema, si wewe ulisema kimevunjika? Si ulisema ndiyo yote? Nilisubiri aseme, nikajiandaa kulia. Alivaa kofia yake tu.

Kafili alipigiwa simu, akafika baada ya muda mfupi, kanzu nyeupe, hasira imemtangulia. Alizungumza na Umm Salim kupitia mlango, akiomba radhi mara nyingi. Kisha akamgeukia baba pale uani, wabebaji wote wakisikia, na mimi nimesimama kwenye kivuli cha lori.

“Nani alikuambia ubadilishe picha?”

“Hakuna aliyeniambia,” baba akajibu. “Niliona mwenyewe hivyo ni bora.”

“Uliona? Mimi nakulipa mkono wako. Kichwa sikukodi.”

“Ndiyo, mudir.”

“Nani mwingine alijua?”

“Hakuna mwingine.”

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na Kiingereza, tena kizuri, pengine kizuri kuliko cha kila mtu katika ua ule. Sikufungua mdomo. Nilitazama gurudumu la lori mpaka yakaisha.

Walimwachisha kazi wiki hiyo hiyo. Kuachishwa kungevumilika. Karakana nyingine ilikuwa tayari kumchukua, ila ilihitaji barua ya kafili wa kwanza kwamba hana pingamizi, na kafili alikataa kuitoa. Bila barua hiyo mtu alirudi kwao, na hakuruhusiwa kurejea nchini kwa miaka miwili. Usta Farid, aliporudi, alikwenda kumwombea. Akaambiwa ashike kazi yake.

Katika siku zile chache zilizobaki mama aliuliza swali moja kila jioni, akibadilisha sauti tu. “Kwa nini, Baba Syombua? Ulikuwa na picha mbele yako.”

“Niliona hivyo ni bora.”

“Nani alikutuma uone?”

“Mwache mtoto asome,” baba akasema, maana nilikuwa pale pale mezani na daftari. Hata mama alikuwa amesahau chapati zile na yaliyosemwa zikikandwa. Au nilidhani amesahau. Nami nilisoma. Nilisoma kwa bidii ya ajabu wiki ile, kurasa nisizozikumbuka.

Alikwenda akiwa na begi moja na patasi zake zimefungwa kwenye taulo. Miaka miwili ilipita na hakurudi. Mwanzoni alikuwa akisema anatafuta karatasi, baadaye hakusema. Simu zake na mama zikawa za karo na afya, kisha za afya, kisha zikawa zangu peke yangu. Hawakuachana kwa maneno. Waliachana kama sabuni inavyokwisha. Na wageni walipokuja, manesi wenzake mama, Wakenya na Waganda, wakauliza mwenye nyumba yuko wapi, mama alikuwa na kisa chake tayari: mwanamume alipewa picha akajiona anajua kuliko picha, akabomoa nyumba yake kwa ukaidi. Walicheka, walisikitika, wakaomba chai iongezwe. Mimi ndiye niliyeimimina.

Nikaja nikasomea historia ya sanaa chuo kikuu, watu wakadhani ni mapenzi. Nilikuwa naitafuta ile sentensi tu. Nimeikuta katika vitabu vingi, kila kimoja kikiisema kwa namna yake: kwamba mafundi wa Rokoko waliacha kusawazisha kwa makusudi, kwamba ustadi wao wote ulikuwa hapo, kukifanya kitu kisicholingana kisianguke. Mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza kuieleza. Nimeisahihisha kwenye mitihani ya watu.

Likizo moja nilikwenda kwa baba. Alikuwa chini ya bati lake anachonga twiga, macho yameanza kumchosha. Nilikuwa nimejipanga njia nzima jinsi ya kusema. Akaniuliza ninasomea nini, nikamwambia. Akapuliza vumbi la mbao kwenye sikio la twiga, akasema, “Vizuri, Mwaitu. Nyumba yetu nzima mtu wa kusoma vitabu hivyo ni wewe tu.” Sijui mpaka leo kama alikuwa ananisifu. Nilishindwa kuuliza, nikamsaidia kupiga msasa, jioni nikapanda gari nikaondoka.

Alikufa mwaka uliopita. Mama alikuja mazishini, akakaa mstari wa mbele kama mjane, na wakati wa chakula nilimsikia akimwanzia shangazi mmoja kisa kile kile: mwanamume alipewa picha. Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Nikamwambia yote. Ile sentensi, lile gamba, ndiyo yote, hatua ishirini, gurudumu la lori. Niliongea kwa haraka kama mtu anayetapika. Nilitaka anipige. Nilitaka amlilie kwa njia iliyo sawa, angalau siku ile moja.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Amezeeka, lakini macho ya zamu bado anayo, yale ya kukutazama uone ugonjwa wako ni mdogo.

“Nilikuwepo,” akasema. “Nilikuwa nakanda chapati, sikuwa kiziwi. Ulikuwa mtoto. Mtoto anasoma anapoweza. Lakini yeye alikuwa mtu mzima mwenye miaka ishirini ya patasi, na aliona. Alisema kwa mdomo wake kwamba aliyechonga hakuteleza. Alikuwa na macho, Syombua. Kwa nini hakuyafuata macho yake?”

Akarudi kwa wageni. Nilibaki pale na masufuria, na jibu lake nilikuwa nalo, na sikumfuata kumpa. Hakuyafuata kwa sababu aliyekuwa anamsomea ni mimi.